Mlo wa Heshima Cambridge: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Zinapofika siku za mahafali, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, mji wa Cambridge hujaa wazazi. Wengine wametoka Leeds au London, wengine wametua Heathrow asubuhi ileile kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe. Shughuli ya mahafali kwenye jengo la Senate House ikiisha na picha zikishapigwa, linabaki swali moja: tunakwenda kula wapi? Kijana aliyezoea kantini ya chuo na sandwichi za dukani anatakiwa ghafla awapeleke wazee mahali pa heshima.

Migahawa ya aina hiyo ipo Cambridge, na mingi siku hizi imeacha ukali wa zamani. Meza haina kitambaa cheupe, tai si sharti, mhudumu amevaa aproni na raba, na mara nyingine mpishi mwenyewe ndiye anayekuletea sahani. Lakini raba zisikudanganye. Masharti hayakufutwa, yamehama tu. Zamani yalikusubiri mezani. Leo yanakusubiri siku unapoweka nafasi. Malipo ya awali, saa ya kufika, vyakula msivyokula, idadi ya watu: yote huulizwa kabla. Anayeyamaliza mapema hukaa mezani akala na kuzungumza. Anayeyapuuza huishia kubabaika mbele ya sahani, na wageni wake nao wakababaika.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Nusu yake ni kazi ya kabla ya kuketi. Umeandikwa kwa kuutazama mji wa Cambridge, ila mengi yake yanafaa pia Oxford au Durham.

Hatua ya 1: Jua unatafuta mgahawa wa aina gani

Watu wengi huanza na nyota za Michelin, kwa hiyo ni vizuri kujua zinapima nini. Kampuni ya matairi ya Michelin, Ufaransa, ilitoa kitabu chake cha kwanza cha mwongozo kwa wenye magari mwaka 1900. Nyota zilianza mwaka 1926, na ngazi ya moja hadi tatu ikaja mwaka 1931. Nyota hutolewa kwa kilichomo ndani ya sahani. Mapazia, viti na sare za wahudumu havihesabiwi. Ndiyo maana mgahawa unaweza kuwa na nyota na bado ukawa mahali pa kucheka kwa sauti.

Cambridge ina mifano mizuri. Midsummer House iko katika nyumba ya enzi za Malkia Victoria kando ya mto Cam, pembeni mwa Midsummer Common, uwanja wa majani ambako wakati wa kiangazi ng'ombe wekundu wa Red Poll hulishwa. Daniel Clifford aliingia katika jiko hilo mwaka 1998, akapata nyota ya kwanza mwaka 2002 na ya pili mwaka 2005. Ng'ambo ya mto, Chesterton Road, kuna Restaurant Twenty-Two, ukumbi mdogo ndani ya nyumba ya mtaani, nao una nyota. Mill Road, mtaa wa maduka ya viungo na vyakula vya kila taifa, ndiko Alex Rushmer alikofungua Vanderlyle mwaka 2019 na kuipa mboga nafasi ambayo kwingine hupewa nyama. Mwaka huohuo, katika mtaa huohuo, ulifunguliwa Msikiti Mkuu wa Cambridge wenye nguzo za mbao zinazopanda na kutawanyika darini.

Kabla ya kuchagua jina, chagua kwanza aina ya menyu. Ziko tatu. Ya kwanza ni menyu ya kuonja: jiko ndilo linaloamua, nanyi mnaletewa sahani ndogondogo sita, nane au zaidi, moja baada ya nyingine, kwa saa mbili na nusu au tatu. Kwa kawaida meza nzima hutakiwa kuchukua menyu hiyohiyo. Ya pili ni menyu ya bei moja, yenye sahani tatu, na kila sahani unachagua kati ya vyakula viwili au vitatu. Ya tatu ni ile tuliyoizoea wengi, kila chakula na bei yake.

Chagua kwa kuwafikiria wageni wako. Mzee asiyependa kukaa sana, au anayependa kuona sahani imejaa, usimpeleke kwenye menyu ya kuonja. Menyu ya bei moja wakati wa chakula cha mchana humfaa zaidi, na mara nyingi jiko lilelile hutoza mchana bei ya chini kuliko usiku.

Jambo moja la kutenganisha: kama umewahi kula chakula cha jioni cha majoho ukumbini chuoni, kwa sala ya Kilatini na kusimama walimu wanapoingia kwenye meza yao ya juu, taratibu zile ziache chuoni. Mgahawani hakuna wa kumsimamia.

Hatua ya 2: Piga hesabu yote, usiishie kwenye bei ya menyu

Bei iliyoandikwa kwenye menyu Uingereza tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 ndani yake. Hilo halikuhusu tena. Kinachokuhusu ni vitu vitatu vinavyokuja juu ya bei: vinywaji, nyongeza na ada ya huduma.

Tuseme mko wawili na menyu ni pauni 90 kwa mtu. Hiyo ni 180. Vinywaji visivyo na kileo na kahawa, tuseme pauni 30 kwa wote wawili. Jumla 210. Ada ya huduma ya asilimia 12.5, ambayo imeenea sana katika migahawa ya namna hii, ni pauni 26.25. Bili inafika pauni 236.25. Aliyekwenda na 180 kichwani ataiona karatasi hiyo kama dhuluma, na hali hakuna aliyemdhulumu.

Nyongeza ni zile sahani zilizoandikwa pembeni na alama ya kujumlisha: jibini, uyoga wa bei mbaya, au chaza. Mhudumu atazitaja kwa upole sana. Kuzikataa si aibu. Sema tu kwamba mtabaki na menyu kama ilivyo.

Divai nayo ina mtego wake. Migahawa mingi hutoa glasi moja ya divai kwa kila sahani, kwa bei ya jumla, na bei hiyo huweza kukaribia ya chakula chenyewe. Kama kuna mnywaji kati yenu, glasi moja au mbili alizochagua mwenyewe zinatosha.

Hatua ya 3: Weka nafasi, na uwe makini na saa

Meza ni chache, na siku ambazo kila mtu anazitaka zinajulikana: wiki ya mahafali, Oktoba wanafunzi wapya wanapoletwa na wazazi, na ile wiki ya sherehe za baada ya mitihani wanayoiita May Week, ambayo huangukia Juni. Kwa siku hizo weka nafasi mara tu tarehe ya mahafali inapotangazwa. Mingi ya migahawa hii haifunguliwi siku zote saba, hasa mwanzoni mwa wiki, basi angalia hilo kwanza. Mkiwa zaidi ya sita, acha tovuti, piga simu.

Utaombwa namba ya kadi. Wapo wanaoishika tu, wakakutoza usipotokea. Wapo wanaochukua kiasi fulani kwa kila mtu. Na wapo wanaouza nafasi kama tiketi, unalipa chakula chote siku hiyohiyo. Soma masharti ya kufuta: ni saa 24 kabla, 48, au zaidi? Ndege ya wazazi ikichelewa, sentensi hiyo moja ndiyo itakayoamua kama fedha zako zinarudi.

Kulipa kabla kuna faida ambayo wenye wazazi wataielewa. Baba akiona bei ya mtu mmoja kwa pauni ataigeuza kuwa shilingi palepale, na kuanzia hapo hatakula chakula, atakula ada ya shule ya mtu. Tiketi iliyokwisha lipwa humwondolea kazi hiyo.

Sasa saa. Uthibitisho utakuja umeandikwa 19:30, nayo ni saa moja na nusu ya jioni. Ukimtumia mama ujumbe kwa Kiswahili, andika saa ya Kiswahili peke yake, usichanganye. Na fika kwa wakati. Jiko dogo hupanga meza kwa zamu, na nyingi hushikiliwa kama dakika 15 tu kabla ya kupewa wengine au kufutwa.

Kama mezani kuna wanaoswali, tazama na jua. Mwishoni mwa Juni Cambridge jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Menyu ya kuonja iliyoanza saa moja na nusu itakuwa katikati magharibi inapoingia. Ama chagueni chakula cha mchana, ama waelezeni mapema kwamba saa fulani watu wawili watatoka kwa dakika kumi, ili jiko lisipeleke sahani moto kwenye kiti kitupu. Ni ombi la kawaida, na wakilijua watalipanga.

Hatua ya 4: Maliza suala la nguruwe, pombe na mzio kabla ya siku yenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama, na hukwama kwa kuamini kwamba sheria itawalinda. Tangu Desemba 2014 mgahawa wowote Uingereza unatakiwa kukuambia kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyosababisha mzio. Ndani ya orodha hiyo mna karanga, njugu za miti, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, ufuta, soya, haradali, nafaka zenye gluteni, hata figili aina ya celery ambayo mashamba ya Fens, kaskazini mwa Cambridge, yanasifika nayo. Nguruwe hayumo. Pombe haimo. Mhudumu asipokutajia kwamba mchuzi una divai hajavunja sheria yoyote. Kuuliza ni juu yako.

Tena pombe na nguruwe katika mapishi ya aina hii havijianiki. Mchuzi mzito unaong'aa pembeni ya nyama, menyu inauita jus, hutengenezwa kwa mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi, na mara nyingi divai imemiminwa humo. Kitindamlo kilichoganda vizuri huenda kimegandishwa kwa jelatini, na ya Uingereza mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Vanila ya maji huhifadhiwa ndani ya kileo. Samaki wa kukaangwa huenda amechovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia. Jibini ya Parmesan hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Na majina haya yote ni nguruwe hata kama neno lenyewe halijaandikwa: pancetta, guanciale, lardo, 'nduja, prosciutto. Chorizo nayo, isipoelezwa vingine.

Kwa hiyo andika ujumbe mmoja, mfupi, siku kadhaa kabla. Kwa Kiingereza chepesi, wenye maana hii: "Tutakuwa wanne. Wawili hatuli nguruwe, wala nyama isiyochinjwa kwa halali, wala chochote chenye pombe, hata mchuzi uliopikwa kwa divai au kitindamlo chenye jelatini. Samaki na mboga tunakula. Mmoja wetu karanga humvimbisha koo. Huo ni mzio wa kweli. Je, mnaweza kutuhudumia kwa menyu hiyo?"

Ujumbe huo una mambo matatu yanayousaidia. Umetaja wasichokula na wanachokula pia, hivyo mpishi ana pa kuanzia. Umetaja vilivyojificha, mchuzi na jelatini, badala ya kumwachia mtu abahatishe. Na umetenganisha imani na mzio. Usiseme una mzio wa kitu usichokipenda tu. Neno hilo likifika jikoni wanabadilisha ubao, kisu na sufuria, na meza nzima husubiri.

Nyama halali ni nadra katika majiko haya. Ukiambiwa haipo, menyu ya samaki au ya mboga ndiyo njia rahisi, na katika miaka ya karibuni wapishi wengi wameipa mboga jasho lilelile walilokuwa wakimpa mwanakondoo. Wakijibu kwa kusitasita, au wakikuambia wataangalia siku hiyo, tafuta pengine. Jiko makini hujibu kwa kutaja vyakula.

Hatua ya 5: Waandae wageni wako

Nguo kwanza. Gauni la kitenge, kanzu, shati safi la mikono mirefu, vyote ni sawa na vitapendeza. Kama mnakwenda kando ya mto, viatu vya visigino vyembamba vitazama kwenye majani ya Midsummer Common, na jioni ya Juni huko ina baridi. Bebeni sweta.

Pili, njaa. Usiwapeleke wazee wakiwa wameshinda na chai tu tangu asubuhi. Wapatie kitu chepesi alasiri, kisha waeleze jinsi chakula kitakavyokuja, maana mshangao wa kwanza ni ukubwa. Kinacholetwa mwanzo huenda kikawa kikombe cha unga uliookwa ukakauka, kisichozidi ncha ya kidole gumba, kimejazwa nyama nyeupe ya kaa na tone la maji ya ndimu, kimewekwa juu ya jiwe lililooshwa. Ukikitia mdomoni kinavunjika mara moja, na kimekwisha. Hapo mama atakuinamia na kunong'ona:

"Mwanangu, hiki ndicho chakula chenyewe?"

"Bado, mama. Hivi ni vya kufungulia mdomo. Vingine vinakuja."

"Haya. Maana nimeshameza."

Ukishamweleza kabla, mazungumzo hayo yatakuwa ya kuchekesha, hayatakuwa malalamiko.

Tatu, watoto. Uliza mgahawa kama unawapokea usiku na kuanzia umri gani. Mtoto wa miaka minne hawezi kutulia saa tatu, na hilo si kosa lake.

Hatua ya 6: Fika na uketi

Taja jina lililoandikiwa nafasi. Subirini mpelekwe mezani, msijichagulie. Mgeni wa heshima, mama au bibi, apewe kiti kinachotazama ukumbi, na mwenyeji akae mahali anapoweza kumwona mhudumu kwa urahisi.

Wakati huohuo, kabla menyu hazijafunguliwa, mkumbushe mhudumu ule ujumbe wako: "Tuliandika kuhusu pombe na nguruwe, na karanga kwa huyu." Ujumbe unaweza kuwa ulisomwa na mtu ambaye leo hayupo kazini. Akirudia kwa kinywa chake yale uliyoyasema, mmeelewana. Akisema tu sawasawa na kuondoka, mwombe ahakikishe jikoni.

Kitambaa kiweke mapajani. Ukitoka katikati ya mlo kiache kitini. Mkimaliza, kiache mezani bila kukikunja kwa ufundi.

Hatua ya 7: Agiza vinywaji bila kusukumwa

Swali la kwanza litakuwa la maji: ya chupa, ya gesi au ya kawaida? Kuna jibu la nne: ya bomba. Migahawa ya England yenye leseni ya kuuza pombe inatakiwa kisheria kukupa maji ya bomba bure ukiyaomba, na maji hayo ni salama. Hakuna atakayekudharau.

Kwa wasiotumia kileo, migahawa mingi sasa ina vinywaji vinavyopangwa kwenda na kila sahani: juisi ya tufaha iliyochujwa na majani, chai baridi, maji ya matunda yenye siki. Uliza kila kimoja kimetengenezwaje. Kombucha ni chai iliyochachushwa na hubaki na kileo kidogo. Na divai iliyotolewa kileo haiwi lazima imefika sifuri.

Anayeagiza chupa ya divai atamiminiwa kidogo aonje. Hapo haulizwi kama ameipenda. Anaangalia kama imeharibika, kwa kawaida harufu ya kadibodi iliyolowa. Kama haina, anatikisa kichwa kukubali na wote wanamiminiwa.

Hatua ya 8: Kula, kwa mwendo wao

Desturi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine ilienea Ulaya katika karne ya 19, ikitokea Urusi. Kabla ya hapo meza za Ufaransa zilijazwa vyakula vyote kwa pamoja, jambo ambalo sisi bado tunalifanya kwenye sinia. Kwa hiyo usijaribu kuharakisha. Sahani inayofuata haiji mpaka meza nzima imemaliza ile ya kwanza. Mmoja wenu akizungumza sana bila kula, jiko lote linamsubiri yeye.

Visu na uma vitabadilishwa kila sahani. Vikiwa vimepangwa vyote, tumia vya nje kwanza. Vionjo vidogo na mkate ni vya mkono. Mkate utakuja wa moto, umepasuka juu, na siagi iliyopigwa ikapigwa. Kula kipande, kisha jizuie, kwa sababu mkate ndio unaowashibisha watu kabla ya samaki. Ukimaliza sahani, laza kisu na uma pamoja. Vikiachana, mhudumu atadhani unaendelea.

Kila sahani itakuja na maelezo, kwa Kiingereza cha haraka. Ukikosa neno, mwombe arudie. Hawa watu wanapenda sana kuulizwa; umewagusa kwenye kazi yao. Swali zuri ni la msimu. Asparaga ya Uingereza kwa desturi huanza Aprili 23 na kumalizika Juni 21, kwa hiyo wageni wa mahafali hukuta imetoka tu kumalizika. Kaa hutoka Cromer, pwani ya Norfolk. Kuanzia Oktoba 1 msimu wa ndege wa porini wanaowaita pheasant hufunguliwa. Ukimla, tafuna polepole, chembe ya risasi inaweza kuwa imebaki.

Jambo moja la kuamua mapema ni uivaji. Wapishi hawa huandaa mwanakondoo na bata nyama ikiwa ya waridi katikati. Wazazi wengi wa kwetu wataiita mbichi. Mwambie mhudumu wakati wa kuagiza kwamba sahani ya baba iive kabisa. Mpishi ataumia kidogo moyoni, lakini atafanya, na baba atakula.

Kubadilishana sahani katikati ya meza kunaruhusiwa mahali palipolegea namna hii. Picha pia, bila mwanga wa flashi, na bila kukiacha chakula kipoe.

Hatua ya 9: Likienda kombo, sema palepale

Samaki amekuja baridi, au umeona kitu kinachofanana na nyama ya nguruwe: weka uma chini na uite mhudumu kwa jicho au kwa mkono ulioinuliwa kidogo. Usipige mluzi, usigonge glasi. Sema kilichotokea na unachotaka kifanyike. "Samahani, tuliomba bila nguruwe. Naomba mwulize mpishi hiki ni nini kabla hatujaendelea." Sauti ya kawaida inatosha.

Desturi yetu ya kunyamaza ili tusimwaibishe mwenyeji haina kazi hapa. Ukinyamaza na kulalamika kesho, umewanyima nafasi ya kurekebisha, na wewe umelipia usichokula. Ukisema mapema, sahani hubadilishwa, na mara nyingi hutolewa kwenye bili bila wewe kuomba.

Hatua ya 10: Kitindamlo

Kwenye menyu ya kuonja vitindamlo huweza kuwa viwili, kimoja chepesi chenye matunda na barafu, kingine kizito. Ukikiona cha maziwa na mayai kilichofunikwa sukari iliyounguzwa, ujue kina ndugu yake mjini hapa: Trinity College ina toleo lake, ambalo sukari ya juu huunguzwa kwa chuma cha moto chenye nembo ya chuo. Kipige kwa mgongo wa kijiko hadi kivunjike. Kelele hiyo inaruhusiwa.

Chai na kahawa hutozwa peke yake mara nyingi. Vipande vidogo vya chokoleti vinavyokuja navyo kwa kawaida havitozwi, lakini uliza kama ndani yake kuna konyaki au ramu.

Hatua ya 11: Bili

Haitaletwa mpaka uiombe. Kwao, kukuletea bili hujaiomba ni kukufukuza. Kama hukulipa kabla na unajua baba au mjomba atang'ang'ania kulipa, nenda "kunawa" wakati wa kahawa na umpe mhudumu kadi yako hukohuko.

Isome mstari kwa mstari: idadi ya watu, vinywaji, nyongeza, fedha uliyotanguliza kama imetolewa. Kisha ada ya huduma. Ikiwa imeandikwa kuwa ya hiari, una haki ya kuomba iondolewe au ipunguzwe. Kama mmehudumiwa vizuri, iache, na usiongeze bakshishi nyingine juu yake. Tangu Oktoba 1, 2024, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023, mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi ada na bakshishi hizo zote bila kujikatia chochote. Kinachokatwa ni kodi tu. Hivyo ile 12.5 inafika kwa aliyekubebea sahani na aliyeziosha.

Kabla ya kuondoka mwambie mhudumu ni sahani gani iliyopendwa zaidi, na na nani, kisha mwombe ahifadhi maelezo ya mezani kwenu: pombe, nguruwe, karanga, nyama ya baba. Migahawa hii huandika mambo hayo kwenye kumbukumbu za wateja. Mdogo wako akija kuhitimu, nafasi ya meza itachukua simu moja, na kazi kubwa itakayobaki ni kumshawishi baba asilete kadi yake.